Kidahizo cha "job": shajara ya mradi wa kamusi ya ufundi, Moshi

9 Februari

Herufi J imefunguliwa wiki hii. Kwa wanaojiunga nasi sasa, mradi unatayarisha kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili kwa vijana wanaosomea ufundi hapa Moshi: mafundi magari, maseremala, washonaji, wapishi, waongoza watalii na makarani. Hawa hawakutani na Kiingereza katika riwaya, bali katika tangazo la nafasi, katika mkataba, katika kitabu cha gari na katika skrini ya printa. Kanuni yetu tangu herufi A haijabadilika: hakuna maana inayoingia kamusini bila sentensi ambayo mwanafunzi anaweza kukutana nayo kweli, na hakuna kisawe cha Kiswahili kinachoingia bila kusikika kinywani mwa mtu anayeifanya shughuli yenyewe.

Kwa kanuni hiyo, neno "job" limeleta rundo kubwa la mifano kuliko neno lolote la herufi hii. Kamusi nyingi za mfukoni hulimaliza kwa neno moja, "kazi", kisha husonga mbele. Naye mwanafunzi akifungua "work" hukuta "kazi" ileile, akahitimisha kwamba Waingereza wana maneno mawili ya kitu kimoja na kwamba anaweza kuokota lolote. Matokeo yake ni barua za kuomba nafasi zenye "I am looking for a work", sentensi ambayo meneja wa hoteli huigundua kabla hajafika aya ya pili. Kidahizo hiki, yaani neno hili na maelezo yake kamusini, kitapewa nafasi ya kutosha, na nitaandika hapa kila uamuzi ulivyofikiwa.

11 Februari

Tumeanza na hesabu. Katika Kiingereza "work" haihesabiki, ilhali "job" huhesabika, moja, mbili, tatu. Kiswahili hakioneshi tofauti hiyo katika umbo la nomino, kwa sababu kazi imo katika ngeli ya I-ZI ambamo umoja na wingi hufanana: kazi hii, kazi hizi. Mtu akisema "nina kazi nyingi leo", msikilizaji hajui kama ana shughuli moja isiyokwisha au ana oda za wateja kumi.

Hata hivyo Kiswahili kina swali linalofichua tofauti, nalo ni "ngapi". Pale unapoweza kuuliza "kazi ngapi?" ukapewa jibu la maana, Kiingereza kitataka "job", pale swali hilo linapochekesha, kitataka "work". Kauli mbiu ya miaka ya mwanzo ya uhuru, "Uhuru na Kazi", huwezi kuiuliza ngapi, wala ile ya 2015, "Hapa Kazi Tu". Zote mbili ni "work", na anayezitafsiri kwa "job" ameharibu. Lakini mshonaji ukimuuliza ana kazi ngapi mezani hatashangaa. Atakuhesabia sare za shule, gauni la kipaimara na suruali ya kupunguzwa mguu. Hizo ni "jobs", na kila moja ina mwenyewe, ina bei na ina siku ya kuchukuliwa.

Jaribio hili limepitishwa na wote, nalo litachapishwa juu kabisa ya kidahizo, kabla ya maana ya kwanza.

14 Februari

Mpangilio wa maana umeleta ubishi. Wenzangu wawili walitaka tuanze na maana ya ajira, kwa kuwa ndiyo inayotafutwa zaidi na mwanafunzi anayemaliza chuo. Nimesimamia upande mwingine, kwamba tuanze na maana ya kipande cha kazi, shughuli moja yenye mwanzo na mwisho, na sababu yangu ni historia ya neno lenyewe.

Neno hili linaonekana katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 16, na mwanzoni lilihusu kipande tu cha kazi, tofauti na kazi ya kudumu. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alilihesabu kuwa neno la chini, akakiri kwamba hajui asili yake, na akalifasili kuwa ni kazi ndogondogo ya kubahatisha au shughuli duni ya kutafutia faida. Hakuna dalili hapo ya mtu mwenye dawati, mshahara na likizo. Maana ya ajira ya kudumu, ambayo leo ndiyo ya kwanza kumjia mtu akilini, ilikuja kutawala baadaye, viwanda na maofisi yalipoenea na watu wengi kuanza kulipwa kwa kukaa mahali pamoja mwaka hadi mwaka.

Ukiliweka neno katika mpangilio huo, maana nyingi zinazoonekana kutawanyika hujikusanya zenyewe. Fundi anayehama na vifaa vyake kutoka nyumba hadi nyumba huitwa "jobbing", kwa sababu hufanya vipande. Bidhaa za mabaki zinazouzwa kwa mkupuo mmoja huitwa "job lot", kwa sababu ni fungu. Kompyuta ikipewa fungu la maagizo ya kutekeleza, fungu hilo ni "job". Hata wizi wa benki huitwa hivyo, kwa kuwa ni tukio moja lililopangwa likafanywa likaisha. Ukianza na ajira, kila moja ya hizo huonekana ni kioja kinachohitaji maelezo ya pekee.

Uamuzi: kipande kwanza, ajira ya pili.

18 Februari

Leo tulikuwa upande wa Kiswahili, na sikutarajia kwamba ungekuwa mtamu kiasi hiki. Ajabu ni kwamba Kiswahili, ambacho kina neno moja "kazi" pale Kiingereza kina mawili, kina utajiri mkubwa pale ambapo Kiingereza kina "job" peke yake. Na utajiri huo umejengwa juu ya namna mtu anavyolipwa.

Tuanze na kibarua. Ni udogo wa barua, na asili yake ni kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kuwa ushahidi kwamba ameifanya kazi ya siku hiyo. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa kazi, likahamia pia kwa mtu. Sarufi imeweka alama ya uhamisho huo: tukisema "kibarua kimekwisha" tunazungumzia kazi, tukisema "kibarua amekwisha kuja" tunazungumzia mtu. Katika mashamba ya enzi ya ukoloni karatasi hiyo ilikuwa na ndugu yake aliyeitwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku iliyofanywa ilitiwa alama, na malipo yalitoka kadi ilipojaa, hata ikichukua miezi miwili kujaa. Kwenye mkonge walikuwapo manamba, watu wa mikataba waliosafirishwa kutoka mbali, ambao jina lao limetokana na namba walizopewa.

Mshahara nao umebeba mwezi ndani yake, kwa kuwa asili yake ni neno la Kiarabu la mwezi. Anayepokea mshahara, kwa asili ya neno, ni mtu wa mwezi kwa mwezi. Ajira na ujira ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya malipo. Kwa hiyo mtu wa kutwa amepewa jina la karatasi yake, mtu wa mkataba la namba yake, na malipo ya mtu wa ofisini jina la mwezi wake.

Mzee mmoja wa Kibosho, aliyekuwa mnyapara katika shamba la kahawa, ametusaidia sana kwenye maneno ya mavuno. Kuchuma kahawa hulipwa kwa debe, na alitukazia kwamba mchumaji hasemi "nimepata kazi" bali "nimepata kibarua", hata kama msimu wote atakuwa shambani hapohapo. Alipoulizwa kwa nini, alijibu bila kufikiri: "Kazi ni ile ambayo ukiugua unalipwa. Debe haliugui." Sentensi hiyo hatuwezi kuichapisha kama fasili, ila imetusaidia zaidi ya fasili nyingi tulizosoma.

Yapo mambo yanayokataa kuingia katika mpango wetu nadhifu. Magazeti ya michezo huandika kwamba kibarua cha kocha fulani kimeota nyasi, na kocha huyo alikuwa na mkataba wa miaka kadhaa na mshahara ambao mnyapara wetu asingeuota. Hapo kibarua ni ajira kamili, na neno limechaguliwa kwa makusudi, kwa sababu linamkumbusha msomaji kwamba hata mkubwa huyo yuko kazini kwa hisani ya matokeo ya Jumamosi. Wapo pia wanaapolo wa machimbo ya tanzanaiti kule Mererani, ambao kwa desturi hula na kufanya kazi kwa gharama za mwenye kitalu bila mshahara, wakisubiri mgawo siku jiwe litakapotoka. Yao si ajira kwa maana ya mwezi, si kibarua kwa maana ya kutwa, na mwalimu wa Kiingereza akitaka kuiita "job" atalazimika kueleza kwanza kwamba inaweza kwenda mwaka mzima bila hata shilingi.

Uamuzi: "kibarua" kitawekwa kama kisawe cha maana ya kwanza na kitaonekana tena kwenye maana ya pili kikiwa na alama ya matumizi ya mzaha. Pendekezo la kukiandikia "neno la dharau" limekataliwa. Watu wengi mno huishi kwa kibarua na kukitaja bila aibu.

21 Februari

Ziara ya gereji, Majengo. Tulikuwa na shida na "job card", ambayo vitabu vya mafunzo huitaja kila ukurasa wa pili, na tulitaka kujua mafundi huiitaje.

Msimamizi alitutolea moja iliyokuwa imebanwa kwenye kioo cha Noah iliyoinuliwa. Juu kulikuwa na namba ya gari, kilomita zilizosomeka na jina la mteja. Chini yake, kwa mwandiko wa kalamu ya risasi iliyopakwa grisi, kulikuwa na mistari mitatu: breki za mbele kulia zinalia, taa ya injini inawaka, mlango wa kuteleza hausukumiki. Mbele ya kila mstari palikuwa na jina la fundi, na mstari wa kwanza ulikuwa umekwisha kukatwa. "Hapa Mwalimu," akasema, "gari ni moja, kazi ni tatu, na mafundi ni wawili. Mteja akija anadhani analipia gari."

Basi jaribio letu la "ngapi" limepita hata chini ya Noah. Karatasi yenyewe wanaiita jobukadi, wote, tangu msimamizi hadi kijana wa kushika tochi. Tulipowatajia "kadi ya kazi" walielewa, ila mmoja aliuliza kama ni kile kitambulisho cha kuvaa shingoni. Tutaandika "jobukadi", tukifuatisha maelezo mafupi ya Kiswahili sanifu. Kutoka hapohapo tumepata visawe viwili vya bure: kazi ikikamilika mafundi husema "kazi imetoka", na gari lenye ubovu mwingi "lina kazi".

Kuhusu "paint job", hapakuwa na mjadala: ni kupiga rangi. Kiingereza huongeza "job" baada ya jina la kitu kinachotumika au kinachofanyiwa marekebisho, na Kiswahili hutumia kitenzi. Kanuni hiyo hiyo itatumika kwa "nose job", ambayo ni upasuaji wa kurekebisha pua, ingawa sidhani kama fundi magari wetu ataihitaji.

27 Februari

Upande wa sheria. Dada mwanasheria anayetusaidia kwa kujitolea ameipitia rasimu na kututaka tutenganishe lugha ya tangazo na lugha ya mkataba. Kwenye tangazo, "job" ni nafasi ya kazi au ajira, na "vacancy" ni nafasi iliyo wazi. Kwenye mkataba hali ni nyingine, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja aina za mikataba ya ajira, na miongoni mwake upo wa muda usiojulikana mwisho wake, upo wa muda maalumu, na upo wa kazi maalumu. Huo wa tatu ndio "job" ya karne ya 16 imerudi ikiwa imevaa suti: mtu anaajiriwa kukamilisha jambo lililotajwa, likikamilika na mkataba umekamilika.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa kwa maandishi mambo kadhaa, yakiwamo maelezo ya kazi, mahali pa kazi na saa za kazi. Nilimwomba dada asome mambo hayo matatu kwa sauti, kisha tukajiuliza kila "kazi" hapo ni ipi. Katika maelezo ya kazi ni majukumu ya nafasi, yaani "job". Katika mahali pa kazi ni shughuli kwa jumla, yaani "work". Katika saa za kazi ni "work" pia, na hapo ndipo zinapoingia saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku ambazo sheria imeziweka kuwa ukomo kabla ya kuhesabu saa za ziada. Sikio la Mswahili halisikii tofauti yoyote, na wala halihitaji kuisikia. Anayeihitaji ni mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza.

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kazi ya tafsiri ya aina hii si mchezo wa darasani tena. Kwa sababu hiyo "job description" itaandikwa "maelezo ya kazi" na si "majukumu" peke yake, ili mwanafunzi alikute kamusini neno lilelile atakalolikuta kwenye karatasi anayotia saini.

4 Machi

Kidahizo cha "work" kiko herufi W, lakini imetubidi tukiandike sasa, maana viwili hivi vinategemeana. Sehemu iliyochukua muda ni maana ya fizikia.

Katika fizikia kazi ni kani mara umbali kuelekea upande wa kani hiyo, na kipimo chake ni jouli, kwa heshima ya James Prescott Joule wa Uingereza, aliyeishi kati ya 1818 na 1889. Maana hii ni ya makusudi kabisa. Mwaka 1829 mhandisi Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis alilitumia neno la kawaida la Kifaransa la kazi kwa kipimo hicho, alipokuwa akishughulikia hesabu za mashine, na Kiingereza nacho kikalipa "work" maana hiyo. Hapa "job" haina nafasi hata kidogo. Hakuna jouli ya "job".

Kwa mfano wa matumizi nilikataa ule wa vitabuni wa mtu anayesukuma ukuta. Tumechukua mgumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, anayebeba mzigo wa kilo 20 kutoka Lango la Machame kwenye mita 1,800 hivi hadi kambi ya Barafu kwenye mita 4,600 hivi. Tofauti ya urefu ni mita 2,800. Ukizidisha uzito, mvutano wa dunia na urefu huo, kazi iliyofanywa juu ya mzigo ni kama jouli 550,000, yaani kilokalori 130 hivi, ambazo ni sawa na vipande viwili vya mkate. Kwa mujibu wa fizikia mzigo umeongezewa nishati hiyo tu. Mwili wa mgumu mwenyewe kupandishwa, bonde la Barranco analoteremka kabla ya kupanda tena, baridi na usiku wa hemani havimo katika hesabu hiyo. Na akisimama dakika kumi mzigo ukiwa kichwani akisubiri njia ya mawe ipungue watu, fizikia itamwandikia sifuri.

Tulimsomea hesabu hii mgumu mwenye miaka mingi mlimani. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kampuni zimeshaisikia. Tulipomwambia hapana, akasema msiwaambie.

Kutoka kwake tumepata pia kwamba safari moja ya mlima huitwa tripu, na kwamba mtu huuliza "una tripu?" kwa maana ya kama amepata kazi ya siku hizo. "Tripu ngapi msimu huu?" lina jibu. Tripu imeingia kwenye maana ya kwanza, na alama ya utalii.

7 Machi

Jambo la takwimu, ambalo nilidhani litapita haraka, limetukalisha mchana kutwa. Mkutano wa 19 wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, uliofanyika Geneva mwezi Oktoba 2013 chini ya Shirika la Kazi Duniani, ulitenganisha rasmi kazi na ajira. Kazi ikawa ni shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, kwa matumizi ya wengine au ya mwenyewe, ilipwe isilipwe. Ajira ikawa ni sehemu tu ya kazi hiyo, ile inayofanywa kwa malipo au faida. Nayo "job" ikapewa maana ya seti ya majukumu anayoyafanya mtu mmoja kwa kitengo kimoja cha kiuchumi, ili mtu mwenye duka na pikipiki ya bodaboda ahesabiwe kuwa na mbili.

Kwa sisi wa huku suala hili limekaa mlangoni. Mama wa Marangu anayeamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe wa zizini, akapalilia migomba ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, akachota maji na kupika, na ndizi na maziwa hayo yote yakaliwa nyumbani, amefanya kazi bila shaka yoyote kwa mpango wa 2013. Lakini hana ajira, wala hana "job". Akianza kuuza sehemu kubwa ya maziwa, hesabu inabadilika, ingawa ng'ombe ni yuleyule na mundu ni uleule. Mwenzetu mmoja aliona jambo hili ni la kitaalamu mno kwa kamusi ya ufundi. Nami naona kinyume: msichana anayejaza fomu ya Kiingereza na kukuta swali kama mama yake ana "job" anastahili kujua ni nini hasa anaulizwa, ili akijibu hapana asidhani amemwita mama yake mvivu. Sentensi ya mfano imebaki.

11 Machi

Maana za pembeni, kwa haraka. "Inside job" ni wizi uliopangwa na watu wa ndani. "Job" ya mtu mwenye cheo anayejinufaisha kwa mali ya umma ilikuwa ya kawaida katika Kiingereza cha karne ya 18. Kisawe chake cha leo mtaani ni dili au upigaji, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. "Jobber" wa soko la hisa la London, mfanyabiashara aliyenunua na kuuza hisa kwa niaba yake mwenyewe, alifutwa na mabadiliko ya 27 Oktoba 1986, hivyo hatumweki.

Furaha ya siku ilikuwa maana ya ugumu. Mwingereza husema alikuwa na "job" kuipata nyumba, akimaanisha alihangaika. Nasi husema "nilipata kazi kuiona nyumba yako", na tukimwona mtu mwenye mtihani mbele yake tunasema "ana kazi huyo", au kwa kifupi, "kazi ipo". Lugha mbili zisizo na ukoo zimefika mahali pamoja, na mwanafunzi hapa hahitaji maelezo yoyote.

Programu yetu ya kukusanya mifano imeleta pia mistari kadhaa ya Biblia, kwa kuwa jina la Ayubu kwa Kiingereza huandikwa kwa herufi zilezile tatu ingawa hutamkwa tofauti. Tumeiondoa yote isipokuwa rejeo moja kwenye tanbihi ya matamshi. Inapendeza, kwa upande wangu, kwamba huyo Ayubu, katika sura ya saba, anazifananisha siku za mwanadamu na za mtu wa kuajiriwa anayeungojea ujira wake. Lakini kupendeza si sababu ya kuingia kamusini.

13 Machi

Kompyuta. Kwenye steshenari iliyo karibu na stendi, mama mwenye duka alitufungulia dirisha la printa lililokuwa na safu ya majina ya mafaili: barua mbili za maombi, ratiba ya ibada ya mazishi, mtihani wa darasa la nne ukisubiri nakala 60. Skrini iliita kila moja "job". Yeye anaziita kazi, na safu nzima anaiita foleni. "Iliyokwama ni hii ya mbele, za nyuma zote zinaisubiri," alisema akiifuta. Maana hii ni ya tangu enzi za kadi za kutobolewa, ambapo programu zilipelekwa kwa mwendeshaji wa mashine zikafanywa moja baada ya nyingine. Katika kompyuta za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, kila fungu lilianza na kadi yenye neno hilohilo. Imeingia: kazi, wingi kazi, na kwenye mfano, "kazi tatu ziko kwenye foleni".

17 Machi

Kidahizo kimefungwa kwa maana nane, na rasimu imepelekwa kwa wasomaji wa nje, ambao ni walimu wawili wa Arusha na mmoja wa Same. Lililobaki ni "jobu". Vijana wa hapa husema "naelekea jobu" au "jobu vipi?", na kwao jobu ni mahali unapoamkia kwenda kila siku, ajira kabisa, hakuna niliyemsikia akiiita jobu suruali ya kupunguzwa mguu. Yaani Kiswahili cha mtaani kimechukua neno la Kiingereza kwa maana yake changa tu, kikaiacha ile kongwe, ambayo ilikuwa imeshashikwa na kazi, kibarua, oda na tripu. Kijana anayelijua jobu atakuja kwenye kamusi yetu akitarajia ajira iwe ya kwanza, na wenzangu wawili wa tarehe 14 Februari wamenikumbusha hoja yao kwa upole mwingi. Mpangilio hautabadilika, ila chini ya maana ya pili tumeongeza mstari: "mtaani: jobu".

Kesho "joiner" na "joint", kwa fundi seremala.